Siku Niliyobadilisha Katiba

Mwezi wa nane mwaka jana nilikuwa Kasulu kwenye mazoezi ya kufundisha. Wenzangu wa elimu mnaijua hali. Unafika shule uliyopangiwa na begi moja, sketi mbili ndefu, na maandalio ya somo yenye mwandiko mzuri kuliko mtihani wowote uliowahi kuufanya. Siku ya pili unakabidhiwa vipindi vya mwalimu mzima na kuambiwa, "Karibu sana, mwalimu." Mimi nilikabidhiwa Uraia, Kidato cha Pili: wanafunzi 45, safu tano za watu tisa tisa.

Kwa kawaida somo hilo sekondari linafundishwa kwa Kiingereza. Nikaandika ubaoni maana ya katiba, aina za katiba, na namna katiba inavyobadilishwa. Wakanakili. Nikauliza kama wameelewa, wakaitikia kwa sauti moja kwamba wameelewa. Kila aliyewahi kukaa kwenye dawati la Tanzania anajua maana ya jibu lile: hatujaelewa, lakini kengele iko karibu.

Nikaweka chaki chini, nikahamia Kiswahili. Nikawaambia, "Haya, leo tunabadilisha katiba."

Darasa lile lilikuwa na desturi ya kufagia kwa zamu: kila safu siku moja, siku tano za wiki zinaisha. Nikasema hiyo ndiyo ibara ya kwanza ya katiba ya darasa. Safu nne za mbele, watu 36, wakawa wabunge wa Bara. Safu ya nyuma, watu tisa, wakawa wabunge wa Zanzibar. Muswada ukawa mmoja: kuanzia Jumatatu, safu ya nyuma ifagie siku zote tano.

Raundi ya kwanza nikatumia kanuni nyepesi, theluthi mbili ya wabunge wote. Theluthi mbili ya 45 ni 30. Ikapigwa kura, mikono 35 ikapaa kutoka mbele (mmoja alikataa kwa sababu rafiki yake anakaa nyuma). Muswada umepita. Safu ya nyuma ikapiga kelele, "Uonevu, madam!"

Raundi ya pili nikabadili kanuni: theluthi mbili ya Bara na theluthi mbili ya Zanzibar, kila upande uhesabiwe peke yake. Mbele wanatakiwa 24, nyuma wanatakiwa sita. Mbele wakanyoosha wote. Nyuma walinyoosha wawili tu, na baadaye niligundua wameahidiwa karanga. Muswada ukaanguka. Safu ya nyuma ilishangilia kama Simba imefunga dakika ya 90.

Hapo ndipo nilipowaambia kwamba mchezo ule ni Ibara ya 98 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977. Ibara ile inalipa Bunge uwezo wa kubadilisha sharti lolote la Katiba kwa kutunga sheria. Kwa mambo mengi inatosha theluthi mbili ya wabunge wote. Tukapiga hesabu ubaoni: Bunge likiwa na wabunge 393, theluthi mbili ni 262. Lakini kuna mambo machache yaliyoorodheshwa kwenye Nyongeza ya Pili ya Katiba, ambayo hayaguswi mpaka ipatikane theluthi mbili ya wabunge wa Bara na theluthi mbili ya wabunge wa Zanzibar. Humo kuna kuwepo kwa Jamhuri ya Muungano yenyewe, ofisi ya Rais wa Muungano, madaraka ya Serikali ya Zanzibar, Mahakama Kuu ya Zanzibar, orodha ya Mambo ya Muungano na idadi ya wabunge kutoka Zanzibar. Ile ndiyo kinga ya safu ya nyuma.

Nilijiona mwalimu kwelikweli. Kisha binti mmoja wa safu ya tatu, ambaye wiki zote tatu hakuwahi kunyoosha kidole, akanyoosha.

"Madam, kwenye mchezo sisi wote tulikuwa wabunge. Wananchi walikuwa wapi?"

Darasa likacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu sikuwa nimepanga swali hilo kwenye maandalio. Kengele ikaniokoa. Lakini alinifuata hadi mlango wa ofisi ya walimu, amenibebea madaftari, na alipoyaweka mezani akauliza tena, taratibu: "Na wewe madam, umeshawahi kubadilisha katiba?"

Nikamjibu, "Mimi? Wapi, mwanangu." Nikacheka.

Nilikuwa nimemdanganya. Naandika makala hii kwa sababu ya uongo ule.

Nianze na swali lake la kwanza, maana lina jibu. Wananchi kwenye Ibara ya 98 hawapo. Wamewakilishwa, ndiyo, na mtu wa sheria atakwambia kuwakilishwa ni kuwepo. Lakini hakuna mahali ambapo ibara ile inadai muswada wa kubadilisha Katiba upelekwe kwa wananchi ukapigiwe kura. Katiba ya 1977 imefanyiwa mabadiliko mara 14, ya mwisho mwaka 2005, na hakuna hata mara moja ambapo bibi au babu yangu aliulizwa ndiyo au hapana.

Sisemi kwamba mabadiliko yale yote yalikuwa mabaya. Mabadiliko ya Tano ya mwaka 1984 ndiyo yaliyotuletea sura ya haki za binadamu, na ndiyo yaliyoweka ukomo wa Rais kwa mihula miwili. Mabadiliko ya Nane ya mwaka 1992 ndiyo yaliyofungua mlango wa vyama vingi. Hayo ya 1992 yana mafunzo yake: Tume ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ilizunguka nchi nzima, ikakuta takribani asilimia 80 ya waliotoa maoni wanataka tubaki na chama kimoja, asilimia 20 wanataka vingi, na bado ikapendekeza vingi. Kwa hiyo ukiniambia wengi siku zote wanajua kinachofaa, nitakukumbusha Nyalali.

Lakini kuna upande wa pili. Mwaka 1993 Mchungaji Christopher Mtikila alifungua kesi akitaka, pamoja na mambo mengine, raia aruhusiwe kugombea uongozi bila kupitia chama. Oktoba 1994 Jaji Lugakingira wa Mahakama Kuu akampa ushindi kwenye hoja hiyo. Kabla mwaka haujaisha, Bunge likapitisha Mabadiliko ya Kumi na Moja yaliyofunga mlango ule. Mtikila akarudi mahakamani, akashinda tena Mahakama Kuu mwaka 2006, kisha Mahakama ya Rufani mwaka 2010 ikasema jambo hilo ni la Bunge, si la mahakama. Mwaka 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, pale Arusha, ikasema Tanzania imekiuka haki yake. Mtikila alifariki mwaka 2015, na mgombea binafsi bado haruhusiwi.

Angalia kilichokuwemo kwenye furushi lile la 1994. Humo humo ndimo lilimokuwa jambo jingine kubwa: kwamba Makamu wa Rais achaguliwe kama mgombea mwenza, badala ya Rais wa Zanzibar kuwa Makamu kwa wadhifa wake. Ukiwa mbunge unaitaka hoja moja na huitaki ya pili, unanyoosha mkono kwa ipi? Kumbuka swali hili, nitalirudia kwa aibu yangu mwenyewe.

Jumamosi ya wiki ile nilipanda basi kwenda nyumbani Kibondo. Tulipita Makere, pale njia ya kambi ya Nyarugusu inapochepuka, tukapanda milima, na muda wote swali la yule binti lilikuwa limekaa kiti cha pembeni yangu. Nilipofika nikamsalimu babu, nikanawa, tukala ugali wa muhogo kwa maharage, nikamuuliza: "Babu, wewe umewahi kuulizwa chochote kuhusu katiba?"

Babu akaingia ndani bila kusema kitu. Akarudi na kitabu kilichofungwa kwenye mfuko wa nailoni, ule wa zamani kabla haijapigwa marufuku. Ilikuwa Katiba Inayopendekezwa.

Mwaka 2012 Tume ya Mabadiliko ya Katiba, ile ya Jaji Joseph Warioba, ilipopita kukusanya maoni, babu alikwenda mkutanoni kwa miguu. Alizungumza. Alisema ardhi ya kijiji isichukuliwe mpaka mkutano mkuu wa kijiji ukubali, na iandikwe hivyo kwenye katiba, siyo kwenye sheria tu, kwa sababu sheria inabadilishwa watu wakiwa wamelala. Jina lake likaandikwa. Hakuna kitu ambacho babu amekisimulia mara nyingi kama kile, labda ndoa yake tu.

Kilichofuata wengi tulikisoma kidato cha tatu na kukisahau baada ya mtihani. Tume ilikabidhi rasimu ya pili Desemba 30, 2013, ikipendekeza muundo wa serikali tatu. Bunge Maalum la Katiba likaanza Dodoma Februari 2014, Mwenyekiti Samuel Sitta, Makamu wake Samia Suluhu Hassan ambaye leo ni Rais wetu. Humo walikuwemo wabunge wote wa Muungano, wajumbe wote wa Baraza la Wawakilishi, na wajumbe 201 wa makundi mengine walioteuliwa. Aprili 16 wajumbe wa upinzani, waliojiita UKAWA, wakatoka nje kwa sababu ya mvutano wa rasimu, hasa muundo wa Muungano. Waliobaki wakaendelea, na Oktoba 2 wakapitisha Katiba Inayopendekezwa yenye serikali mbili.

Safari hii mwananchi hakuachwa nje. Sheria ilitaka kura ya maoni, na ili ipite lazima ipate zaidi ya nusu ya kura Bara na zaidi ya nusu ya kura Zanzibar. Tarehe ikatangazwa: Aprili 30, 2015. Vitabu vikagawiwa. Babu akasoma chake chote kwa wiki mbili, kidole juu ya mstari, akitafuta maneno yake ya kule mkutanoni. Aprili 2 ikatangazwa kwamba kura imeahirishwa kwa sababu uandikishaji wa wapigakura haujakamilika. Haijapigwa hadi leo.

"Uliyaona maneno yako, babu?"

"Niliyaona ya watu wengine," akasema. "Yangu siyo vile nilivyoyasema. Lakini nilikuwa nimeshaamua kura yangu."

"Ilikuwa ndiyo au hapana?"

Akanitazama kama nimemuuliza mshahara wake. "Kura ni siri, mjukuu wangu. Hata kama haijapigwa."

Sasa niwaambie kwa nini sisi wa Kibondo hatuwezi kusema habari za katiba ni za wanasheria.

Wiki ile ile ambayo babu alitakiwa awe kwenye foleni ya kura, ng'ambo ya mpaka mambo yalilipuka. Katiba ya Burundi ya mwaka 2005 ilisema Rais achaguliwe na wananchi kwa miaka mitano, na aweze kurudi mara moja tu. Lakini ilikuwa na ibara nyingine ya mpito, kwamba Rais wa kwanza achaguliwe na Bunge. Pierre Nkurunziza alichaguliwa na Bunge mwaka 2005, akachaguliwa na wananchi mwaka 2010. Je, ule wa kwanza unahesabiwa? Machi 2014 serikali ilijaribu kuibadilisha katiba kwa njia rasmi, bungeni. Ilihitaji kura nne kwa kila tano. Ikakosa kura moja. Moja tu, jamani.

Ungedhani habari imeishia hapo. Aprili 25, 2015 chama chake kikamteua kugombea tena, maandamano yakaanza kesho yake, na Mei 5 Mahakama ya Katiba ikasema muhula wa 2005 hauhesabiwi. Makamu wa rais wa mahakama ile alikuwa ameshakimbia nchi, akisema majaji walishinikizwa. Mlango rasmi ulipogoma, katiba ilipitishwa dirishani kwa kuitafsiri.

Nilikuwa na miaka 12. Watu walianza kuingia kwa maelfu, wengine kwa ziwa hadi Kagunga ambako kipindupindu kiliwapata, na meli ya MV Liemba ikawa inawasomba kwenda Kigoma. Wengine kwa miguu kupitia vijiji vya mpakani kama Mabamba kwetu. Nyarugusu, iliyokuwa kambi ya Wakongo tangu miaka ya 1990, ikafurika. Oktoba kambi ya Nduta ikafunguliwa upya hapa Kibondo. Kabla mwaka haujaisha walikuwa wamezidi laki moja.

Mama yangu anauza sambusa stendi. Kuna mama mmoja kutoka kambini alikuwa anakuja kutusaidia kuvuna maharage, na hatukuhitaji mkalimani, maana Kiha na Kirundi ni ndugu wa tumbo moja. Ukimwambia "mwakeye" asubuhi, anaitika kama jirani. Siku moja nilimsikia akimwambia mama kwamba wamekimbia kwa sababu ya "manda ya tatu". Kwetu manda ni ile karatasi ya unga ya kufungia sambusa. Nikakaa siku nzima najiuliza ni manda gani hiyo ya tatu inayofukuza watu makwao. Jioni nikamuuliza. Hakucheka. Akasema kwao manda ni muda wa kutawala, na kwamba yote yalianza kwa watu kubishana juu ya mstari mmoja kwenye kitabu.

Mwaka 2018 Burundi ilipiga kura ya maoni, na matokeo rasmi yalikuwa asilimia 73 ya ndiyo. Muhula wa Rais ukawa miaka saba. Hapo njia ilikuwa rasmi kabisa, na wananchi waliulizwa. Lakini yule mama alikuwa bado anavuna maharage yetu. Hakuna aliyemuuliza yeye.

Kwa hiyo sitaki kuwauzia kura ya maoni kama dawa ya mseto. Nasema tu kwamba njia ya kubadilisha katiba ni sehemu ya katiba, na pengine ndiyo sehemu nyeti kuliko zote, kwa sababu anayeishika hiyo anashika nyingine zote. Wakenya waliliona hilo. Katiba yao ya 2010 imetaja mambo ambayo hayabadiliki bila kura ya wananchi, na pia ikawapa wananchi wenyewe njia ya kuanzisha mabadiliko kwa saini milioni moja. Mpango wa BBI ulipopita njia hiyo, Mahakama Kuu ikausimamisha Mei 2021, na Machi 2022 Mahakama ya Juu ikakubali kwamba njia ya wananchi si ya Rais kuianzisha. Na hapa hapa ndani ya Jamhuri yetu, Wazanzibari waliulizwa Julai 31, 2010 kama wanataka serikali ya umoja wa kitaifa. Asilimia 66.4 wakasema ndiyo, na Katiba ya Zanzibar ikabadilishwa mwaka ule ule, ikiwekwa sharti kwamba baadhi ya vifungu vyake visiguswe tena bila kura ya maoni. Kumbe inawezekana.

Sasa aibu yangu.

Mwaka wa pili nilikuwa mbunge wa kitivo kwenye Bunge letu la Wanafunzi. Baadhi yenu mlinipigia kura, asanteni. Alhamisi moja usiku, wiki moja kabla ya mitihani, tuliitwa kikao cha dharura. Tuligawiwa karatasi moja kwa watu wawili, yenye mapendekezo sita ya kubadilisha katiba ya chama chetu. Pendekezo la kwanza lilikuwa viti viwili vya wanafunzi wenye ulemavu. Hilo nililipigania muhula mzima. Nilikuwa nimeongea nalo kafteria, hosteli, hadi kwenye foleni ya kusaini bumu. Nilipoliona namba moja, macho yangu hayakushuka tena.

Spika alisema tupige kura kwa mapendekezo yote kwa pamoja, tuokoe muda. Kulikuwa na soda. Tulikuwa kama 40 ukumbini kati ya wabunge 90. Nikanyoosha mkono. Spika akatazama kushoto, akatazama kulia, akasema, "Naona theluthi mbili imetimia." Hakuna aliyehesabu. Mtu mmoja nyuma aliuliza kura ya wanafunzi wote itapigwa lini, maana katiba yetu ilidai mabadiliko yabandikwe siku 14 kisha yapigiwe kura na wanafunzi. Akajibiwa kwamba itafuata.

Haikufuata. Tofauti na taifa ni hii: kule katiba ya zamani iliendelea kutumika ikingoja kura. Kwetu ile mpya ilianza kutumika bila kura.

Pendekezo la tano, ambalo sikulisoma, lilifuta kura ya wanafunzi na zile siku 14, likaweka theluthi mbili ya wabunge "waliohudhuria". Rudini kwenye Ibara ya 98: pale ni theluthi mbili ya wabunge wote, hata walio safarini wanahesabika kwenye mgawanyo. Neno moja tu. Kwa "wote" sisi tungehitaji mikono 60. Kwa "waliohudhuria" siku ile ilitosha 27. Pendekezo la sita liliondoa taarifa ya mfuko wa rambirambi kwenye mkutano mkuu, likaipeleka kamati tendaji.

Miezi minne baadaye mwenzangu wa chumbani alifiwa na baba yake. Kwao ni mbali, nauli ni karibu nusu ya bumu, na bumu lilikuwa limeisha. Tukaenda kuomba rambirambi ya mfuko, ile tunayokatwa wote kila mwaka. Tukaambiwa utaratibu umebadilika, tusubiri kamati. Nikauliza mfuko una kiasi gani. Nikaambiwa taarifa hiyo siku hizi ni ya kamati, "na nyie wabunge ndio mliopitisha." Tulipita chumba kwa chumba na kofia. Alipata nauli siku ya pili jioni. Alifika nyumbani baba ameshazikwa.

Hajawahi kunilaumu. Hajui kwamba mkono wangu ulikuwa juu. Leo atajua, kwa sababu anasoma jarida hili kuliko mtu yeyote.

Usiku ule nilisoma katiba ya chama chetu kwa mara ya kwanza, kurasa zote 31. Nilikuwa nimeibadilisha kabla sijaisoma. Mimi, mwalimu mtarajiwa wa Uraia.

Siku yangu ya mwisho kule Kasulu niliwaambia Kidato cha Pili ukweli. Nilimtazama yule binti wa safu ya tatu nikasema, "Uliniuliza kama nimewahi kubadilisha katiba. Nimewahi. Nilikosea." Nikawaeleza yote, hadi soda. Darasa likanyamaza. Kisha yeye akauliza, bila kunyoosha kidole safari hii, "Sasa madam, utairudisha?"

Nipo mwaka wa tatu, si mbunge tena, na sina mkono wa kunyoosha ukumbini. Lakini katiba yetu bado inamruhusu mwanafunzi yeyote kupeleka hoja akiwa na saini 200, na hicho kifungu bahati nzuri hatukukigusa usiku ule. Hoja ninayozunguka nayo ina mambo manne. Mabadiliko yoyote yabandikwe siku 14. Kila pendekezo lipigiwe kura peke yake. Iwe theluthi mbili ya wabunge wote, na mikono ihesabiwe kwa majina. Na mwisho, yaje kwetu sote tuyakubali au tuyakatae. Viti vya wenzetu wenye ulemavu vibaki, na safari hii vipite kwa kura ya wanafunzi ili mtu asije akavifuta na watu 27 na kreti la soda.

Mpaka nakabidhi makala hii nina saini 118. Nakaa nje ya maktaba, upande wa mwembe, kila siku saa kumi hadi saa kumi na mbili. Ukija, sitakupa kalamu kwanza. Nitakupa karatasi ya hoja uisome, na kama hukubaliani nayo nitakushukuru na utakwenda zako. Yule binti yuko Kidato cha Tatu sasa. Nimemwahidi mwalimu wake mlezi kwamba nitamtumia jibu, liwe lolote.